Minervali na Mshahara: Hesabu ya Chuo Kikuu cha Binafsi kwa Jamaa wa Kasongo na Kabambare

Matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, na vijana waliofaulu wanapomwagiwa poda nyeupe vichwani na kuzungushwa mitaani kwa nyimbo na vigelegele, furaha hiyo haichukui siku nyingi kabla ya kufuatwa na shauri zito, linalofanywa usiku, watoto wakisha kulala, baina ya baba na mama, baba mdogo na mjomba, juu ya swali moja ambalo huwagawanya watu wenye nia njema: je, mali kidogo ya nyumba hii, iliyopatikana kwa jasho la miaka, ipelekwe katika chuo kikuu cha binafsi kwa tumaini la mshahara utakaokuja baadaye, au ibaki mahali ilipo, katika mashamba na mbuzi na meza ya sokoni, ambako faida yake, ijapokuwa ndogo, huonekana kwa macho? Shauri hilo aghalabu huamuliwa kwa fahari au kwa hofu, na mara chache kwa hesabu. Nakusudia hapa kuifanya hesabu hiyo kwa insafu, bila kumtisha mzazi mwenye ghera ya elimu, wala kumsifia bidhaa asiyoijua bei yake kamili.

Tamaa ya shahada katika nchi hii ya Kongo ina asili yake, na asiyeijua asili hiyo hawezi kuelewa kwa nini mtu maskini hukubali kuuza hata bati la nyumba yake. Kasongo ilikuwa mji wa kusoma na kuandika kabla ya kuwa mji wa serikali ya Wazungu. Katika siku za Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, barua zilikwenda na kurudi kati ya mji huu na Tabora na Unguja kwa herufi za Kiarabu, na lugha yetu ya Kiswahili ilikaa hapa ikawa lugha ya nyumbani. Majeshi ya Dhanis, jemadari wa Wabelgiji, yalipouingia mji huo mwezi wa Aprili 1893, taalimu ya zamani ikakosa heshima mbele ya watawala wapya, na elimu mpya ikakabidhiwa kwa misheni za Kikristo, ambazo Waislamu wengi wa jimbo letu la Maniema waliziogopa kwa sababu waliona mlango wa shule na mlango wa ubatizo ni mmoja. Vizazi vilipita katika hofu hiyo. Na nchi nzima ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini. Basi mzazi wa leo anapotamka neno lisansi, yaani shahada ya kwanza ya chuo kikuu, hatamki mshahara peke yake. Anatamka pia deni la heshima ambalo babu yake hakuweza kulilipa. Jambo hilo lina haki ya kuwekwa katika mizani, na mimi naliweka, lakini naomba lisiachwe kuwa peke yake katika mizani.

Kulikuwa na wakati ambapo swali hili halikuwa na maana. Chuo kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na chuo kikuu cha Elisabethville mwaka 1956, na kile cha Waprotestanti huko Stanleyville mwaka 1963, wanafunzi walikuwa wachache na nafasi za kazi zilikuwa tele. Na Serikali ilipoviunganisha vyuo hivyo vitatu kuwa chuo kimoja cha taifa mwaka 1971, kisha ikavitenganisha tena mwaka 1981, mwanafunzi alikuwa angali akitazamia kusoma kwa posho ya Serikali, kulala katika nyumba ya Serikali, na kupokewa kazini na Serikali ile ile. Hazina ya Serikali ilipokauka, mambo yakageuka. Wakatoliki wakafungua vyuo vikuu vyao Butembo na Bukavu mwaka 1989, Waprotestanti wakafuata Bukavu mwaka 1991, na baada yao vikatokea vyuo vya kila namna, vingine vya watu wenye maarifa na amana, vingine vya watu walioona kuwa biashara ya vyeti haina gharama kubwa za kuianza. Hayakuwa mambo ya Kongo peke yake: Makerere ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia mwaka 1992, Nairobi ikafungua mlango kama huo mwaka 1998, na mwaka huo huo Unguja ikapata chuo kikuu chake cha kwanza cha binafsi. Lakini wenzetu wa Kenya walijiwekea bodi ya mikopo ya wanafunzi mwaka 1995, na Tanzania ikatunga sheria ya bodi yake mwaka 2004, ili mtoto wa maskini akope leo na alipe atakapoajiriwa. Mzazi wa Kabambare hana mlango wa namna hiyo wa kubisha hodi. Benki yake ni shamba lake.

Tuanze basi na gharama. Wengi huuliza minervali, yaani ada ya masomo, ni kiasi gani, na wakisha kujibiwa hudhani wamejua bei ya chuo. Minervali ni sehemu tu. Juu yake kuna fedha ya kujiandikisha, fedha ya mitihani, silabasi ambazo walimu huziuza na ambazo mwanafunzi asiyezinunua hujitia mashakani, kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo inayopaswa kupigwa chapa na kujalidiwa kwa nakala kadhaa, na nguo ya siku ya sherehe. Kisha kuna chakula na chumba, ambavyo kwa kijana atokaye Kabambare kwenda Bukavu, Kalemie au Lubumbashi huweza kuipita minervali yenyewe. Kuna safari katika barabara ambazo masika huzigeuza matope, na ambazo katika pande za Salamabila bunduki za wanamgambo wa Maimai zimezifunga zaidi ya mara moja. Na katika nchi hii hata chuo cha Serikali hudai fedha kutoka kwa mzazi, hata tofauti ya bei baina ya chuo cha dola na chuo cha binafsi si kubwa kama inavyodhaniwa na wasomaji wa nchi nyingine. Tofauti iliyo kubwa zaidi ni kati ya kusoma karibu na nyumbani na kusoma mbali. Kijana wa Kasongo anayekwenda kusoma katika chuo kikuu cha mji wake, huku akila katika chungu cha mama yake, ameokoa nusu ya safari kabla hajaianza.

Gharama iliyojificha kuliko zote ni ile ya kitu kinachouzwa. Mchikichi huanza kuzaa katika mwaka wake wa tatu au wa nne, kisha huzaa kwa miaka ishirini na zaidi, na mafuta yake hupata mnunuzi katika kila soko kutoka Kasongo hata Kindu. Mzazi anayeuza shamba la michikichi ili alipe minervali hakutoa bei ya shamba tu. Ametoa na mafuta ya miaka yote iliyosalia. Anayeuza mbuzi jike ametoa na wana wake. Sisemi kwamba michikichi ni bora kuliko elimu, kwa maana najua wazazi walioyatumia mafuta yale yale kuwasomesha watoto mmoja baada ya mwingine bila kung'oa shina lolote, na hao nawaona kuwa ndio mabingwa wa uchumi katika nchi yetu, ingawa hakuna aliyewapa shahada. Nasema tu kwamba kusomesha kwa mazao ni jambo moja, na kusomesha kwa kuuza shina ni jambo jingine.

Gharama nyingine isiyoandikwa katika risiti ni kazi ambayo kijana angaliifanya. Akiwa darasani hapasui mbao, halimi mpunga, haendeshi pikipiki, hafundishi, hauzi. Amri ya mwaka 2018 iliweka kima cha chini cha ujira kuwa falanga 7,075 kwa siku, yaani falanga 183,950 kwa siku ishirini na sita za kazi. Na ijapokuwa katika pande zetu wafanyakazi waliolipwa kwa amri hiyo walikuwa wachache, kijana mwenye nguvu hakosi kupata chochote, na hicho chochote anachokiacha kwa miaka mitatu au mitano ni sehemu ya bei ya shahada.

Nitatoa mfano, na msomaji auchukue kuwa mfano tu, abadilishe tarakimu kwa zile za nyumba yake. Tuseme chuo cha binafsi kinadai dola 400 kwa mwaka kwa mambo yake yote, na maisha ya mwanafunzi yanataka dola 60 kwa mwezi katika miezi kumi, yaani dola 600. Hizo ni dola 1,000 kwa mwaka, nazo katika miaka mitatu ya lisansi ya mtindo mpya, ulioanza kushika katika mwaka wa masomo 2021-2022, ni dola 3,000. Tuongeze dola 300 za safari na za kazi ya mwisho. Tuseme tena kwamba mwenzake aliyebaki na diploma ya Serikali peke yake hupata dola 40 kwa mwezi. Miaka mitatu ya kutopata ni dola 1,440. Jumla ya bei ni dola 4,740. Sasa tuseme mwenye lisansi ameajiriwa siku ya pili ya kutoka chuoni kwa dola 120 kwa mwezi. Amempita mwenzake kwa dola 80 kila mwezi, dola 960 kila mwaka, naye atarudisha gharama zote karibu na mwisho wa mwaka wa tano wa kazi. Aliyeanza na miaka ishirini atakuwa na ishirini na minane, na faida yote ya baadaye ni yake na ya aila yake. Kwa hesabu hiyo chuo kikuu ni biashara njema.

Lakini tugeuze jambo moja tu. Tuseme baada ya kutoka chuoni kijana anakaa miaka minne kazini bila jina lake kuingizwa katika orodha ya mishahara ya Serikali, huku akipewa fedha ndogo za kumtia moyo, dola 20 kwa mwezi. Katika miaka hiyo hakumpita mwenzake; amepitwa kwa dola 20 kila mwezi, na hasara imeongezeka kwa dola 960 nyingine, hata deni la jumla likafika dola 5,700. Mshahara ule ule wa dola 120 ukija sasa, atahitaji karibu miaka sita kulifuta. Tangu alipoingia chuoni hata aliposawazisha hesabu yake, imepita miaka kumi na mitatu. Minervali haikubadilika, wala cheti, wala akili ya kijana; kilichobadilika ni siku ya kufunguliwa mlango wa mshahara.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Nchini kwetu mwajiri mkubwa wa wenye shahada ni dola, na kuajiriwa na dola kuna hatua mbili ambazo watu wa nchi nyingine hawazitofautishi: kupewa kazi, na kumekanizwa, yaani kupewa namba na kuingizwa katika orodha ya malipo. Kila shule ya Kasongo inamjua mwalimu N.U., yule wa vitengo vipya anayengojea kumekanizwa, na kila kituo cha afya kinamjua muuguzi anayepokea posho ya hatari bila mshahara wenyewe, au asiyepokea hata hiyo. Katiba ya mwaka 2006 ilisema elimu ya msingi iwe bure, na mwezi wa Septemba 2019 Serikali ikaanza kulitimiza jambo hilo. Likawa neema kwa watoto, kwa maana madarasa yalijaa watoto ambao zamani walirudishwa nyumbani kwa kukosa fedha. Lakini mwalimu wa shule ya msingi asiyekuwa na namba, ambaye kwa miaka alikuwa akila mchango wa wazazi, akajikuta mchango umekatazwa na mshahara haujafika. Walimu na Serikali wakakutana Bibwa, pembeni ya Kinshasa, mwaka 2021 kutafuta mapatano, na baadhi wakapata namba, na baadhi wangali wakingoja. Kwa hiyo mzazi anayepima faida ya shahada ya ualimu asipime mshahara wa mwalimu aliyemekanizwa. Apime mshahara huo pamoja na urefu wa kungoja.

Wataalamu wa iktisadi wameandika mengi juu ya faida ya kusoma, tangu Gary Becker alipotoa kitabu chake juu ya rasilimali watu mwaka 1964. George Psacharopoulos na Harry Patrinos, waliokusanya tafiti za nchi nyingi na kutoa majumlisho yao mwaka 2018, walipata kwamba kila mwaka mmoja wa masomo huongeza pato la mtu kwa asilimia 9 hivi kwa wastani wa dunia, na kwamba katika Afrika iliyo kusini ya Sahara faida ya elimu ya juu ni kubwa kupita sehemu nyingi. Nayaheshimu maneno hayo, wala siyapingi. Ila inafaa kukumbuka kwamba takwimu za namna hii hutokana zaidi na watu wanaopokea mshahara unaoweza kuandikwa, na yule anayengojea namba ni vigumu kuonekana katika safu zake. Tena faida inaonekana kubwa kwa sababu wenye shahada ni adimu kati ya watu walio maskini mno, nasi ni nchi ambayo, kwa makisio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2024, asilimia 73.5 ya watu wake huishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Fauka ya hayo, waliofika chuo kikuu aghalabu walitoka katika nyumba zilizokuwa na jamaa mjini, na huenda wangalipata riziki bora hata bila chuo. Wastani wa dunia ni habari ya kweli, lakini hakuna mtu anayelipwa wastani wa dunia.

Masomo nayo hayafanani. Kasongo ina somo kubwa la kutoa katika jambo hili, nalo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima: tangu mwaka 1971, kwa msaada wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, hapa palijaribiwa namna ya kutunza afya ya wilaya kwa vituo vidogo vilivyo karibu na watu, vikiongozwa na wauguzi, hospitali ikisimama nyuma yao, na mwaka 1981 timu ya mradi wa Kasongo ikachapisha katika jarida la Lancet la London uchunguzi wake juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa mji huu. Mtu wa kwanza kukutana na mgonjwa hakuwa daktari mwenye miaka sita au saba ya chuo kikuu. Alikuwa muuguzi. Hata leo kijana anaweza kuwa muuguzi A2 kwa masomo ya sekondari ya tiba, akafanya kazi, kisha akapanda A1 kwa miaka michache ya chuo, naye katika kijiji cha Kabambare hakosi kuhitajiwa, hata pale Serikali inapochelewa kumlipa, kwa maana wagonjwa wapo na kituo hupokea malipo madogo kutoka kwao. Mwenye elimu ya kilimo anayerudi katika mpunga na michikichi ya baba yake akiwa na mbegu bora na maarifa ya kukamua, huyo pia ana mshahara usiongojea namba. Lakini sheria, uchumi, na sayansi ya siasa na utawala, masomo ambayo vyuo vidogo hupenda kuyafungua kwa sababu hayataki maabara, huzaa vijana wengi kwa ofisi chache, na ofisi hizo ziko Kindu na Kinshasa kuliko Kasongo. Sidharau masomo hayo. Nchi isiyo na wanasheria waadilifu hukaliwa na dhuluma. Nadharau kuyauza kwa watu ambao hawakuambiwa idadi ya waliotangulia na mahali walipo.

Wengine huniambia: soma jiolojia, dhahabu iko Namoya. Ndiyo, iko katika mgodi huo wa Kabambare, na kampuni ya madini ya Banro ilitangaza mwanzo wa uzalishaji wake wa kibiashara huko mwezi wa Januari 2016. Mwaka 2019, baada ya mashambulizi na misukosuko ya fedha, ikasimamisha kazi. Ardhi ikabaki na dhahabu yake, na wachimbaji wa mikono wakabaki na sululu zao, ila ajira ya kampuni haikukaa muda wa kutosha kumlipa mtu aliyeianza safari ya miaka mitano ya chuo kwa ajili yake.

Liko jambo moja ambalo mzazi hana budi kuliuliza kabla ya mengine yote, nalo ni idhini. Cheti cha chuo cha binafsi, hata kama kijana amesoma kwa bidii, sharti kithibitishwe na tume ya Wizara ya Elimu ya Juu ndipo kiwe na nguvu mbele ya dola, na Wizara imewahi kukagua vyuo na kuvifunga vile ilivyoviona havina uhai. Chuo kisichoidhinishwa huuza kwa bei ile ile kitu kisichokuwa na thamani ile ile, na hasara yake haionekani mpaka siku ya kuomba kazi, miaka mitatu au mitano baada ya mbuzi kuuzwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Chuo kikuu cha binafsi kinafaa kwa nyumba inayoweza kukilipia kwa mazao yake bila kuuza shina, kwa somo ambalo lina watu wa kulihitaji hapa hapa hata kabla ya Serikali kukumbuka kulipa, katika chuo chenye idhini, na karibu na nyumbani iwezekanavyo. Na pale sharti mojawapo linapokosekana, ni bora kijana aanze na kazi au na masomo mafupi, aweke akiba, aingie chuoni akiwa na miaka ishirini na mitano kuliko aingie na ishirini akiwa amebeba mgongoni mali yote ya wadogo zake. Na neno hili liwe sawa kwa binti na kwa mwana, kwa maana katika mashauri mengi ya usiku jina la binti huondolewa kabla hesabu haijaanza.

Kwa wakuu wa vyuo, vya dola na vya binafsi, katika Kasongo na Kindu na miji yote inayowapokea watoto wetu, naomba jambo moja jepesi. Kabla ya kufungua mwaka wa masomo, bandikeni langoni karatasi inayoonyesha, kwa kila kitivo, idadi ya waliomaliza miaka mitano iliyopita, wangapi wanalipwa leo, wangapi wamemekanizwa, na wangapi wanangoja. Mnayo majina yao, mnazo simu zao, na kazi hiyo haizidi majuma mawili ya katibu mmoja. Nanyi wazazi wenzangu, iulizieni karatasi hiyo kwa upole na kwa msimamo, na mpaka muione, msiuze michikichi.